Umeambiwa ukafanye biopsi? Mwongozo kamili kuanzia siku unaambiwa mpaka siku unashika majibu

Ukishaambiwa "tutachukua kinyama kidogo tukakipime", mara nyingi kichwani linabaki neno moja tu, kansa, na yote aliyosema dokta baada ya hapo hayaingii tena. Mimi nafanya kazi maabara, upande wa patholojia, yaani kule ambako hivyo vinyama vinaishia, na kitu nachokiona kila wiki ni kwamba majibu mazuri ya biopsi hayatoki kwenye hadubini peke yake. Yanaanza mapema sana, kwenye sehemu iliyochaguliwa kukatwa, kwenye kopo kilipowekwa kinyama, kwenye maelezo yaliyoandikwa kwenye fomu, na karibu sehemu zote hizo mgonjwa anaweza kusaidia kuliko anavyodhani. Kwahiyo soma taratibu, na kama aliyeambiwa ni mama yako au ndugu yako basi soma ukiwa na kalamu pembeni.

Kwanza, biopsi inajibu nini hasa

Ultrasaundi, siti skani na MRI zinaonyesha kivuli, ukubwa wake na mahali kilipo. Damu inaonyesha dalili, kwamba kuna kitu hakiko sawa. Lakini kujua kile kitu kimetengenezwa na seli gani, zimejipanga vipi na zinafanya nini na jirani zake, hapo lazima uichukue nyama yenyewe uiangalie. Ndo maana kwa sehemu kubwa ya kansa za nyama matibabu hayaanzi mpaka biopsi ijibu, maana dawa za kansa na mionzi sio vitu vya kumpa mtu kwa kubahatisha.

Alafu naomba hili likae: biopsi sio kipimo cha kansa tu. Tunapokea vinyama vya ini kuangalia limepata makovu kiasi gani, vinyama vya figo kwa mtu anayepoteza protini kwenye mkojo au mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) ili ijulikane figo imeshambuliwa kwa aina gani, mitoki ya shingoni inayodhaniwa ina TB, vipele vya ngozi ambavyo vimegoma kila mafuta, na figo iliyopandikizwa ambayo dokta anahofia mwili umeanza kuikataa. Hata vidonda vya tumbo, hii habari naipenda sana, mwaka 1979 kule Perth, Australia, mwanapatholojia Robin Warren alikuwa anaangalia biopsi za tumbo akaona bakteria ambao wengi waliamini hawawezi kuishi kwenye asidi ya tumbo. Akaungana na Barry Marshall wakafuatilia, leo tunajua Helicobacter pylori ndo anasababisha sehemu kubwa ya vidonda hivyo na vinatibika kwa antibiotiki, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Yote yalianza na vinyama kwenye slaidi, vile vioo vyembamba vinavyowekwa chini ya hadubini.

Hatua ya 1: Uliza swali kabla hujasaini

Kila biopsi inatakiwa iwe na swali. Muulize dokta hivi: unatafuta nini, na jibu likija hivi au vile utabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Dokta mzuri hakasiriki ukimuuliza hivyo. Na kuna hali chache ambazo kukata kinyama sio njia sahihi. Kwa mfano uvimbe ndani ya korodani unaoshukiwa kansa kwa kawaida hauchomwi sindano kupitia kwenye mfuko, inatolewa korodani nzima kupitia kinena ndo inapimwa. Au mtu ambaye ini lake lilishasinyaa kwa sirosisi (makovu mengi ya ini), uvimbe wenye picha maalum kwenye siti skani au MRI unaweza kuitwa kansa ya ini bila kuuchoma kabisa.

Uliza pia nani atafanya. Uvimbe wa mfupa au wa msuli unaoshukiwa sarkoma, yaani kansa ya mifupa, misuli na nyama kama hizo, unatakiwa uchomwe kwa mpango wa timu ileile itakayofanya opasheni, kwasababu njia ya sindano lazima ipite mahali ambapo patakuja kutolewa pamoja na uvimbe. Usikubali ukatwe haraka haraka na yeyote aliye zamu.

Sasa lile la "ukigusa kansa kwa kisu inasambaa". Nalisikia sana na linaniuma, kwasababu nimeona watu wamekaa na titi lenye uvimbe mpaka limepasuka kidonda, wanaogopa sindano. Ukweli ni kwamba seli kubaki kwenye njia ya sindano inawezekana lakini ni nadra, inategemea kiungo, na madokta wanaijua ndo maana wanapanga njia kama nilivyosema hapo juu. Imani hii inakua kwa sababu moja, mtu anakuja akiwa amechelewa, anapimwa, anaambiwa ni kansa, anaogopa anarudi nyumbani bila matibabu, uvimbe unaendelea kukua kama ambavyo ungekua tu, alafu watu wanasema "si mnaona, walipomchoma tu ukafumuka". Haikuwa sindano jamani.

Hatua ya 2: Jua unafanyiwa aina ipi

Sindano nyembamba inanyonya seli tu, haichukui nyama nzima. Inafanyika kwa dakika chache, mara nyingi bila hata ganzi, inafaa sana kwa uvimbe wa tezi ya shingo au mtoki. Shida yake ni kwamba seli zinakuja zimetawanyika. Ni sawa na kupewa tofali zilizomwagwa chini ukaambiwa ueleze nyumba ilikuwaje, utajua ni tofali za aina gani lakini ukuta ulivyosimama hutajua. Kwahiyo kama sindano nyembamba imejibu "haieleweki" au inashukiwa limfoma (kansa ya mitoki), usishangae ukiambiwa urudi mtoki utolewe mzima. Limfoma nyingi zinahitaji kuona mpangilio.

Sindano nene inatoa kipande chembamba kirefu cha nyama, ndo inayotumika sana kwa titi, ini, figo na tezi dume. Hii inapigwa ganzi kwanza. Ina springi ndani, ikifyatuka inatoa mlio mkali, tak! Wagonjwa wengi wanaruka kwa ule mlio sio kwa maumivu, mwambie anayekufanyia akufyatulie hewani mara moja usikie kabla hajaanza.

Kwenye ngozi kuna kifaa cha duara chenye makali, mara nyingi cha milimita 3 au 4, kinazungushwa kinatoa kipande chenye tabaka zote za ngozi. Kwa doa jeusi linaloshukiwa melanoma (aina kali ya kansa ya ngozi) ni bora litolewe lote kama inawezekana, sio kuparuliwa juu juu, kwasababu unene wa ile melanoma kwa milimita ndo unaamua matibabu na ukikata juu juu kipimo cha unene kinapotea.

Tumbo na utumbo unaingia kwa mpira wenye kamera na kikoleo kidogo mbele. Kitu ambacho wengi hawajui, ukuta wa tumbo kwa ndani hauhisi ule mnyofoo, kinachokera ni mpira wenyewe. Mlango wa kizazi unapakwa kwanza siki maalum ya hospitali, sehemu zenye shida zinageuka nyeupe, hapo ndo panakatwa. Uboho unatolewa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, na hapa sikufichi, ganzi inazuia maumivu ya ngozi na ganda la mfupa lakini wakati uboho unanyonywa kuna maumivu ya kuvutwa ambayo ganzi haiyafikii vizuri. Yanakaa sekunde chache. Ukijua yanakuja unavuta pumzi yanapita.

Hatua ya 3: Maandalizi

Kubwa ni dawa. Andika kwenye karatasi kila unachomeza, pamoja na za mitishamba na virutubisho, alafu mpe dokta siku kadhaa kabla sio asubuhi ya kipimo. Wanachotafuta sana ni dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama warfarini, klopidogreli na aspirini. USIZIACHE MWENYEWE. Kuna mtu ana valvu ya chuma kwenye moyo au amewekewa stenti (kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo) juzi juzi, akiacha dawa damu inaganda na inaweza kumuua, wakati biopsi ya ngozi angeweza kufanyiwa akiwa anaendelea nazo vilevile. Anayeamua ni dokta, kwa kupima hatari zote mbili. Kwa viungo vya ndani kama ini na figo utapimwa damu kwanza, chembe sahani (zinazosaidia kuzuia damu kuvuja) na uwezo wa damu kuganda, na kwa figo presha lazima iwe imetulia maana presha kubwa inaongeza kuvuja damu.

Mengine ya haraka: sema kama una aleji ya dawa ya ganzi, una ujauzito, au uliwahi kutoka damu sana kwenye kung'olewa jino. Kama umeambiwa ufunge na una kisukari, uliza dozi yako ya siku hiyo itakuwaje. Ukipewa dawa ya usingizi njoo na mtu wa kukurudisha. Na kama unachunguzwa ugonjwa wa siliaki, ule unaosababishwa na gluteni ya ngano, usiache ngano kabla ya biopsi, kwasababu utumbo utaanza kupona na kinyama kitasema hauna kitu.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Thibitisha jina lako, sehemu, na UPANDE. Kulia au kushoto. Sema kwa mdomo wako, hata kama umeshasema mara tatu. Sindano ya ganzi yenyewe inachoma kama sekunde kumi hivi alafu inapoa, baada ya hapo utahisi kusukumwa na kuvutwa lakini sio ukali. Ukihisi ukali sema, ganzi inaongezwa, hakuna zawadi ya kuvumilia. Kwenye ini na figo utaambiwa ubane pumzi kidogo wakati sindano inaingia, ni kwasababu hivyo viungo vinapanda na kushuka ukipumua.

Kwenye titi wanaweza kukuachia kialama kidogo cha chuma ndani mahali walipochukua. Hakina shida, kinasaidia kupaona tena baadae, hasa kama dawa zitayeyusha uvimbe kabla ya opasheni.

Hatua ya 5: Kopo na fomu (hapa ndo naomba usiharakishe)

Kinyama kikishatoka mwilini kinaanza kuharibika saa hiyohiyo. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuzuia nyama isioze, ile ya asilimia 10, na iwe nyingi, angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Sio maji, sio spiriti, sio kufungwa kwenye gozi kavu. Tumeshapokea uvimbe mkubwa umebanwa kwenye kopo dogo na fomalini imelowanisha pembeni tu, ukiukata katikati umeoza, na hapo hata mwanapatholojia awe bingwa vipi hakuna cha kusoma.

Lakini kuna biopsi ambazo HAZITAKIWI fomalini, au sehemu yake haitakiwi. Kama wanataka kuotesha TB au fangasi, yaani kuwakuza vimelea maabara ili watambulike, kipande kimoja kiende kwenye chupa safi na maji ya chumvi ya hospitali kwasababu fomalini inaua vimelea. Biopsi ya figo inagawanywa, kuna kipande kinahitaji kuangaliwa kwa mwanga maalum na hicho hakiwekwi fomalini. Swali zuri la kuuliza ni hili tu, "kuna kipande kinaenda kuoteshwa?" Likiulizwa kabla linaokoa mtu kukatwa mara ya pili.

Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, sio kwenye kifuniko. Vifuniko vinafunguliwa vyote mezani na vinaweza kubadilishana. Kama vimechukuliwa vinyama sehemu mbili, makopo mawili, kila moja limeandikwa sehemu yake.

Alafu fomu. Mara nyingine inakuja fomu imeandikwa neno moja, "uvimbe". Uvimbe wapi, wa muda gani, wa mtu wa umri gani? Slaidi ileile inaweza kusomwa tofauti kabisa kwa mtoto wa miaka 10 na mzee wa miaka 70. Kinyama cha ndani ya kizazi hakisomeki vizuri bila kujua tarehe ya hedhi ya mwisho na kama mama anatumia homoni. Uvimbe wa mfupa hausomwi bila eksirei, kuna kovu la kawaida la mfupa uliovunjika ambalo kwenye hadubini linaweza kukudanganya kuwa ni kansa. Kwahiyo kabla fomu haijaondoka, omba uione, kwa heshima tu, "dokta naomba nihakikishe maelezo yangu". Iwe na umri, jinsia, sehemu na upande, tatizo limeanza lini, picha zilisema nini, biopsi za nyuma, kama uliwahi kupigwa mionzi au dawa za kansa, na hali ya VVU kama inajulikana. Kwa titi iandikwe na saa kinyama kilipoingia kwenye fomalini, vipimo vya homoni na HER2 (protini ya seli inayosaidia kuchagua dawa) vinataka kinyama kikae humo kati ya saa 6 na 72, ikipungua au ikizidi majibu yanaweza kupotosha.

Kama wewe au ndugu ndo mmepewa mpeleke sampuli, ibebeni wima, imefungwa vizuri, msiifungue, msiigandishe kwenye friza, mbali na watoto maana fomalini ni sumu. Mkifika mchukue namba ya maabara. Hiyo namba ndo itakayofuatilia majibu, jina peke yake linafanana na la watu wengi.

Hatua ya 6: Kidonda

Kikivuja bonyeza kwa gozi safi dakika 15 bila kuchungulia, kuchungulia ndo kunarudisha damu. Siku ya kwanza kiache kikavu. Nyuzi za usoni kwa kawaida zinatoka siku ya 5 mpaka 7, za mwilini na miguuni zinakaa mpaka wiki mbili.

Rudi hospitali haraka ukiona damu haikatiki baada ya kubonyeza, usaha, au homa. Baada ya biopsi ya pafu, kubanwa pumzi au kifua kuuma ghafla sio kitu cha kusubiri asubuhi. Baada ya figo, mkojo wenye rangi ya damu kidogo ni kawaida, mabonge ya damu au kushindwa kukojoa sio kawaida. Baada ya ini, tumbo kuuma sana na kizunguzungu, nenda. Na wazee wangu wa tezi dume, damu kwenye shahawa inaweza kukaa wiki kadhaa na haina madhara, lakini homa na kutetemeka baada ya kile kipimo ni dharura, usiku huohuo.

Hatua ya 7: Mbona majibu yanachelewa?

Sikiliza kinachofanyika huku. Kinyama kinapimwa kwa rula na kuelezwa kwa macho, kinawekwa kwenye kikasha kidogo, kinaingia kwenye mashine kinaondolewa maji kwa alkoholi, kinaingizwa nta, mara nyingi usiku kucha. Kesho yake kinakuwa bloku ya nta, inakatwa kwa mashine kwa unene wa sehemu 3 mpaka 5 kati ya 1000 za milimita moja. Vile vipande vinatoka vimeshikana kama utepe, tunaviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu vinyooke, alafu unavivua kwa slaidi, na ukipumua vibaya tu utepe umejikunja. Kisha rangi, viini vya seli vinakuwa bluu na zambarau, vilivyobaki vinakuwa pinki. Hapo ndo mwanapatholojia anakaa kwenye hadubini.

Akiona kitu kinachohitaji uhakika anaomba rangi nyingine, ya TB, ya fangasi, au vipimo vya kingamwili vya kutambua seli zimetoka kiungo gani, na kila ombi linaongeza siku. Kinyama chenye mfupa lazima kilainishwe kwanza. Kwahiyo kuchelewa hakumaanishi umekutwa na kansa, kesi za kansa iliyo wazi nyingine zinajibiwa haraka kuliko uvimbe wa kawaida wenye sura ya ajabu. Ila siku uliyoambiwa ikipita PIGA SIMU. Majibu yanapotea kwenye makabati, na kukaa kimya hakumaanishi uko salama.

Hatua ya 8: Kusoma ripoti

Omba nakala, ni yako. Anza na sehemu ya hitimisho alafu rudi juu uhakikishe jina, upande na sehemu.

"Hakuna kansa iliyoonekana kwenye sampuli hii" ni tofauti na "huna kansa". Inaongelea kile kipande tu. "Sampuli haitoshi" maana yake hakuna jibu, unatakiwa urudie. "Seli zisizo za kawaida" au "displasia" ni mabadiliko ambayo bado sio kansa ila yanahitaji kufuatiliwa au kutolewa. "In situ" ni seli za kansa ambazo bado hazijavunja ukuta wao kuingia ndani, na hapo tiba ina nafasi kubwa sana. Kama umetolewa uvimbe mzima tafuta neno kingo, kingo safi ni kwamba pembeni hakukubaki seli zinazoonekana.

Watu wanachanganya sana gredi na steji. Gredi ni seli zina sura mbaya kiasi gani, hiyo inatoka kwenye biopsi. Steji ni ugonjwa umefika wapi mwilini, mara nyingi inahitaji picha na vipimo vingine, kwahiyo gredi 3 sio steji 3, tafadhali usilie kabla hujauliza. Kwa tezi dume utaona alama za Gleason, namba za kupima ukali wa kansa hiyo, na mpangilio una maana, 3+4 na 4+3 zote ni 7 lakini ya pili ni kali zaidi, kwasababu namba ya kwanza ndo aina iliyotawala.

Hatua ya 9: Majibu yasipoendana

Kama picha ilionyesha kitu kibaya na biopsi inasema ni mafuta ya kawaida, inawezekana sindano ilikosa. Dokta anatakiwa aziweke picha na ripoti pamoja, na zikigongana biopsi irudiwe. Uliza waziwazi, "hili jibu linaelezea uvimbe ulioonekana kwenye picha?"

Kabla ya opasheni kubwa au dawa za kansa, hasa kama ugonjwa ni wa nadra, una haki ya kuomba jicho la pili. Huhitaji kukatwa tena mara nyingi, unaomba slaidi na bloku zako zipelekwe kwa mwanapatholojia mwingine, pamoja na nakala ya ripoti ya kwanza na picha. Bloku za nta zinahifadhiwa miaka mingi, kwahiyo hata biopsi ya zamani inaweza kukatwa upya na kufanyiwa vipimo ambavyo siku ile havikufanyika. Peleka ile namba ya maabara uliyoandikiwa, saini kwamba umezichukua, zibebe mahali pasipo na joto maana nta inayeyuka, na ukimaliza zirudishe.